Nguo, Maji na Mafuta Kwanza: Kuchagua Vifaa vya Kazi ya Kukanda Mwili Mtaani Rhonda

Wengi wanaotaka kuanza kazi ya kukanda hapa Rhonda, Nakuru, huanza kwa kuulizia kitanda: kinauzwa wapi, kinakunjika, kina shimo la uso? Mada hii inaanzia kwingine. Mteja akishalala kifudifudi, ngozi yake haigusi mbao wala chuma. Inagusa nguo uliyomtandikia, mafuta uliyommiminia na mikono yako. Mwenye mtaji mdogo aanze kuutumia hapo. Kitanda kitafuata.

Tuwaangalie kwanza wateja wenyewe. Wanaotoka Rhonda na Kaptembwo ni vijana wa mjengo, mama mboga anayebeba magunia tangu alfajiri, mwenye bodaboda aliyekaa juu ya pikipiki mchana kutwa, fundi cherehani aliyekakamaa shingo. Wengi huja jioni, na vumbi na jasho la siku. Kwa hiyo beseni la kunawia miguu, sabuni na taulo ndogo ni vifaa vya kazi sawa na mafuta. Na wengi wao shida yao iko shingoni na mabegani, mahali unapoweza kupakanda mteja akiwa ameketi. Mgeuze akae akitazama egemeo la kiti, kifua kiegemee mto, kichwa akilaze juu ya mikono yake egemeoni. Kiti imara na mto wenye foronya safi vinatosha kuanza kuingiza pesa kabla ya kitanda kununuliwa.

Nguo sasa. Taulo nzito zinapendeza machoni, lakini zinakunywa maji mengi wakati wa kufua, na mvua za Aprili na Mei zikianza hukaa kambani siku mbili zikinuka uvundo. Mimi nashauri leso. Leso ni pamba nyepesi, inakauka haraka, inavumilia maji moto na pasi, nayo huuzwa doti: kipande kimoja unatandika, cha pili unamfunika mteja, ukifunua tu sehemu unayoikanda. Hesabu yake ni hii: mteja mmoja, doti moja, na isirudiwe kabla ya kufuliwa. Ukipanga wateja wanne kwa siku, utahitaji doti nne za leo, nne zilizo kambani na nne za akiba kwa siku ya mvua. Jumla ni doti kumi na mbili. Asiyeweza kununua kumi na mbili apunguze wateja, asipunguze leso. Choa na upele husafiri kwa nguo ya pamoja, na mteja aliyerudi nyumbani na choa atawasimulia majirani wote wa ploti.

Mafuta hayatoki kwa maji baridi. Loweka leso katika maji moto yenye sabuni, uzifikiche, uzisuuze, uzianike juani, kisha uzipige pasi. Kwa hiyo, kabla ya kitanda, nunua pipa la maji lenye kifuniko na mfereji kwa chini. Mifereji ya mtaa inapokauka, bila akiba ya maji huna kazi siku hiyo. Mfereji wa pipa una faida nyingine pia: unanawa kwa maji yanayotiririka, kabla na baada ya kila mteja, badala ya kuchovya mikono katika beseni moja mchana kutwa.

Upande wa mafuta, hali ya hewa yetu ina la kusema. Nakuru iko mita 1,850 hivi juu ya usawa wa bahari. Mafuta ya nazi, ambayo Kilifi na Kwale hukaa majimaji karibu mwaka mzima, huanza kuganda joto linaposhuka chini ya nyuzi 24 hivi, na hapa asubuhi za Julai ziko chini kabisa ya hapo. Anayeyapenda aweke chupa ndani ya bakuli la maji moto kutoka kwenye thamosi. Kwa kazi ya kila siku, mafuta ya alizeti au ya parachichi yanafaa zaidi: hayagandi kwa baridi yetu, na ya parachichi yanakamuliwa humu nchini, mara nyingi kutokana na matunda yasiyofaa kusafirishwa ng'ambo. Ya makadamia ni laini sana, ila muulize mteja kwanza kama njugu au karanga humdhuru. Nunua kidogo kidogo, yaweke mbali na dirisha, na yakianza kunuka ukale usiyatumie. Yatie katika chupa ya pampu. Kopo la mdomo wazi silitaki kabisa, kwa sababu mkono uliotoka kwenye mgongo wa mtu unarudi ndani, na mteja wa mwisho anapakwa ngozi za wote waliomtangulia.

Baridi hiyo inaleta hatari nyingine, nami naomba tusikilizane. Jiko la makaa lisiingie katika chumba cha kukandia kilichofungwa. Gesi yake haina harufu wala rangi, na inaua mtu akiwa usingizini, hali ambayo mteja wako yuko karibu nayo. Mpe chupa ya mpira yenye maji moto, iliyofungwa kwa kitambaa, chini ya miguu. Ongeza blanketi juu ya leso.

Kitanda chenyewe hakina haja ya kutoka nje. Mwaka 2021 UNESCO iliiingiza Nakuru katika mtandao wa miji ya ubunifu kwa kazi za mikono na sanaa za jadi, kwa hiyo mafundi tunao. Mpelekee fundi vipimo, usimwachie akisie. Simama wima, mikono ikining'inia, ukunje ngumi: uso wa kitanda ufike kwenye vifundo vya ngumi yako. Kikiwa juu zaidi utakanda kwa mabega, na baada ya miezi wewe ndiye utakayehitaji kukandwa. Upana wa sentimita 70 unatosha. Ukizidi sana, utainama kumfikia mteja. Sponji iwe ngumu, sentimita 5 hadi 7. Bonyeza kwa kiwiko, na ukigusa mbao, ikatae. Mbao ziwe zimekauka, miguu ishikwe kwa boliti zinazoweza kukazwa tena, si misumari pekee. Sponji ifunikwe kwa reksini inayopanguswa kwa maji ya sabuni.

Mashine za kutetemesha na mawe ya moto yasubiri. Jiwe lililopashwa moto kupita kiasi huunguza mgongo kabla mteja hajawahi kusema. Mawe ya kusugulia nyayo tunayo tele hapa Bonde la Ufa, lakini yana matundu yasiyosafishika. Kila mteja aende na lake.

Vimebaki vichache vya bei ndogo. Pazia zito na leso ya kufunika humwambia mteja, hasa mwanamke, kwamba hapa anahifadhiwa, katika mtaa ambako neno masaji wengine wamelipa maana nyingine. Bandika ukutani orodha ya huduma na bei, pamoja na leseni ya kaunti. Na uwe na daftari la kuandikia hali ya kila mteja: ujauzito, presha, upasuaji wa karibuni, mguu mmoja uliovimba na kuuma. Huyo wa mguu usimguse. Mpeleke hospitali, kwani damu iliyoganda ikisukumwa inaweza kufika mapafuni. Habari za afya zinalindwa na Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, kwa hiyo daftari lilale ndani ya kisanduku chenye kufuli, na ufunguo ubaki kwako.