Mavazi ya Kupandia Mlima Kilimanjaro

Mpandaji anayeanza safari katika lango la Marangu au Machame hupita msitu wenye mvua, kisha nyika ya vichaka, kisha jangwa la mawe, hadi kilele cha Uhuru chenye urefu wa mita 5,895, na kwa kuwa hewa hupoa takriban nyuzi sita za selsiasi kwa kila mita 1,000 za kupanda, vazi moja, hata likiwa zito namna gani, haliwezi kumtosheleza. Kwa sababu hiyo hutumika mavazi ya tabaka, yaani nguo kadhaa zinazovaliwa moja juu ya nyingine: ya kwanza huondoa jasho mwilini, ya kati hutunza joto, na ya nje huzuia upepo na mvua. Fulana ya pamba, ingawa hupendwa na wengi, haifai hata kidogo kuwa tabaka la kwanza, kwani hufyonza jasho, hukawia kukauka na huupoza mwili. Sufu au poliesta ni bora zaidi, na mara nyingi hupatikana katika masoko ya mitumba.

Viatu ndivyo vinavyostahili kugharimiwa kwanza, navyo vivaliwe wiki kadhaa kabla ya safari ili vilainike, viwe na nafasi ya soksi nene, na visibane vidole wakati wa kuteremka. Wapagazi, ambao hubeba mizigo kwenye baridi ileile, nao wanahitaji viatu na makoti ya namna hiyo.