KUTOKA SIDO HADI KISUTU
Hotuba kwa mkutano wa wanafunzi wa zamani, Nyarugusu



Nimeombwa niseme juu ya kazi na uongozi. Nimemchagua Basil Pesambili Mramba, kwa kuwa maisha yake yaligusa mambo mawili tunayoyajua hapa Nyarugusu: ufundi mdogo na dhahabu.

Alizaliwa 1940. Mwaka 1973 sheria iliunda Shirika la Kuhudumia Viwanda Vidogo, SIDO, naye akawa Mkurugenzi Mkuu wake wa kwanza. Kazi ya shirika ilikuwa kumpatia fundi mafunzo, mahali pa kazi na mashine ya mkopo, ailipe kidogo kidogo kwa jasho lake. SIDO ipo mpaka leo. Tuseme bila choyo: hiyo ni kazi kubwa.

Baadaye alikuwa Mbunge wa Rombo, waziri, na hadi 2005 Waziri wa Fedha katika serikali ya Rais Mkapa. Mwaka 2003 kampuni ya Alex Stewart ilipewa mkataba wa kukagua dhahabu ya migodi mikubwa. Nchi kujua kinachotoka ardhini mwake ni jambo jema. Lakini kampuni ilisamehewa kodi, kinyume cha ushauri wa Mamlaka ya Mapato, na hasara ikatajwa mahakamani kuwa shilingi bilioni 11.7. Julai 2015 Mahakama ya Kisutu ilimhukumu, pamoja na Daniel Yona, aliyekuwa Waziri wa Nishati na Madini, kifungo cha miaka mitatu kwa matumizi mabaya ya madaraka. Mahakama Kuu ikapunguza hadi miwili. Februari 2016 walianza kumalizia adhabu kwa kufanya usafi katika hospitali ya Sinza, Dar es Salaam. Mramba alifariki Agosti 2021.

Ndugu zangu, sikuja kumhukumu mara ya pili. Wala msiseme elimu na cheo ni bure; mafundi waliopata mashine watawakatalia.

Ninyi vijana mnajua kwamba mchimbaji, hata awe hodari vipi, hashuki duarani pasipo matimba. Sheria na ushauri wa wataalamu ndiyo matimba ya ofisi. Anayeyang'oa kwa sababu ameshuka salama miaka mingi, siku moja udongo humwangukia, na wa chini yake pia.

Kesho mtapewa kalamu za kutia sahihi. Kabla ya kutia, someni. Na mkishauriwa, sikilizeni.