Nyota Inayolindwa kwa Zamu

Leo tuzungumze juu ya nyota. Labda mtasema, "Mwalimu, nyota zinatuhusu nini?" Ngojeni kidogo.

Nyota nyingi tunaziona zile zile kila usiku. Lakini zipo nyingine ambazo mwanga wake hupanda ghafla, kisha hushuka. Mojawapo inaitwa SS Cygni. Iligunduliwa Marekani mwaka 1896 na Bibi Louisa Wells. Bila darubini huioni.

Kwa kweli hizo ni nyota mbili zinazozungukana karibu sana. Moja ni ndogo lakini nzito mno, nayo huvuta gesi ya mwenzake. Gesi hiyo huizunguka na kujikusanya kama sahani. Ikizidi kiasi, hupata joto kali na kuwaka. Hapo mwanga huongezeka karibu mara 40. Jambo hili hutokea kila baada ya wiki saba hivi, lakini siku yenyewe hakuna aijuaye.

Basi, nani atakesha kila usiku? Mtu mmoja hawezi. Ataugua, atasafiri, mawingu yatamzuia. Ninyi mnajua: nguruwe wakiingia katika mahindi, tunalinda kwa zamu. Wenye darubini nao hufanya hivyo. Mwaka 1911 kilianzishwa Marekani chama cha kuangalia nyota za namna hii, AAVSO. Watu wa nchi nyingi hushiriki, na wengi wao si wataalamu. Orodha ya nyota za kulinda ni moja. Kwangu kukiwa na mawingu, kwako ni kweupe. Kwangu kukicha, kwako usiku unaingia.

Kila mmoja hulinganisha nyota yake na nyota jirani ambazo mwanga wake unajulikana. Kisha huandika: jina la nyota, tarehe, saa na kiasi cha mwanga. Asipoiona, pia huandika kwamba hakuiona. Bila hivyo, tutajuaje mwanga ulianza kupanda lini?

Je, kuna faida? Sikilizeni. Mwaka 1999 wataalamu walipima umbali wa SS Cygni, wakapata kwamba mwanga wake hutumia miaka 520 hivi kutufikia. Kama ni kweli, basi yale maelezo ya sahani ya gesi yana kasoro. Ikabidi wapime tena kwa mitambo ya redio. Lakini mitambo hiyo huweza kuipata nyota hii inapowaka tu. Nani awaambie imewaka? Ni wale walinzi wa zamu! Kuanzia 2010 hadi 2012 waliangalia, wakaandika, wakapeleka habari upesi, na mitambo ikaelekezwa huko. Mwaka 2013 jibu likatangazwa: si miaka 520, ni 370 hivi. Maelezo yakasimama.

Ndugu zangu, kilichosaidia si darubini peke yake. Ni penseli, tarehe, na watu walioaminiana. Nasi tuna madaftari. Ukiandika siku mvua iliponyesha, andika na siku ambazo haikunyesha. Kisha linganisha na jirani yako. Macho ya mmoja husinzia. Ya wengi hupokezana.