Kushuka Ndiko Kunakouma
Waliopanda Mlima Kilimanjaro wanajua: mapaja huuma zaidi baada ya kushuka. Ukishuka, msuli wa mbele ya paja hurefuka huku umebeba uzito wa mwili, na nyuzi zake huchanika kidogo. Maumivu hukolea siku ya pili au ya tatu, kisha msuli hujijenga ukawa imara zaidi.

Mzigo huohuo wa msuli unaorefuka hutibu pia. Mwaka 1998, daktari Håkan Alfredson wa Uswidi aliwapa wanamichezo wenye maumivu sugu ya kano ya kisigino zoezi la kushusha kisigino polepole ukingoni mwa ngazi: mara 15, mizunguko 3, asubuhi na jioni, wiki 12. Wakarudi kukimbia.

Ila msuli unaweza kuharibika kupita kiasi: ukiona mkojo wa kahawia au mweusi baada ya mazoezi makali, wahi hospitali siku hiyohiyo.