LESO YA MEI MOSI NA HAKI YA MCHORAJI

(Maneno yaliyosemwa mbele ya wanachama wa Kitui na Makueni)



Tumewaita kwa shauri la leso ya Mei Mosi, ile ambayo faida yake itaingia katika mfuko wa wajane na mayatima wa wenzetu. Jambo hili twalipenda sote. Lakini leso ambayo mfagiaji hawezi kuinunua si leso ya chama, ni leso ya wakubwa wa chama.

Basi kwanza bei. Gharama ya kutengeneza vibao vya kuchapia ni ile ile, uchapishe doti mia au doti elfu. Kitui wakichapisha yao na Makueni yao, kila upande utalipia vibao vyake na bei itapanda. Kwa hiyo twaomba matawi mawili yaagize pamoja: mchoro mmoja, jina moja. (Ugomvi wa jina gani liandikwe, twajua, utachukua siku nyingi kuliko kuchapa kwenyewe.) Tuseme doti imetugharimu shilingi 800, pamoja na ujira wa mchoraji. Tukiuza 1,000, mfuko wapata 200, na mwanachama aweza kulipa mia mbili mbili kwa miezi mitano. Wawili wakitaka kugawana doti, kila mtu kipande chake, ni halali. Kukatwa mshahara bila idhini hatutaki.

Sasa mchoro. Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2001 yasema kazi iliyoagizwa huhesabiwa mali ya aliyeiagiza, isipokuwa pawe na mapatano mengine. Maana yake, kijana wetu akituchorea kiondo na mbuyu, nasi tukakaa kimya, haki yake imehamia kwetu. Sisi tunaodai ujira wa haki kwa matajiri, tutamtazamaje? Twapendekeza haki ibaki kwake, naye atupe ruhusa kwa maandishi, ya idadi fulani na ya mwaka mmoja, alipwe kwa kila doti. Mwenye duka akitaka kuichapa, aombe ruhusa na alipe.

Msiseme haya ni mambo ya mbali. Mwaka 2006 kampuni moja ya Uingereza iliomba neno "kikoy" liandikishwe huko kuwa alama yake ya biashara. Neno la nguo ya pwani yetu! Wakenya wakapinga, na hatimaye ombi likaachwa.

Hati ya mapatano iko kwa katibu wa kila tawi. Isomeni kabla ya kupiga kura. Oda haitapelekwa kiwandani mpaka mchoraji awe ametia sahihi.