Bahasha ya Rambirambi Haifuti Jinai
(Mazungumzo na wajumbe wa kamati za sharika, Mwanza)



Ndugu wajumbe, pamoja nanyi wahisani wetu mtakaoyasoma haya, nianze na mama mmoja wa usharika wetu. Mumewe, kibarua, alifia kwenye mashine kiwandani. Siku ya tatu ya msiba aliletewa bahasha ya rambirambi na karatasi ya kutia sahihi, kwamba familia imeridhika na haina madai. Akaniuliza, "Mratibu, nikitia sahihi, kesi imekwisha?"

Haijaisha, maana kesi ya jinai si mali ya mfiwa. Ni ya Jamhuri. Kifungu cha 195 cha Kanuni ya Adhabu kinahesabu kuwa ni kuua bila kukusudia pale mtu anapoacha, kwa uzembe mkubwa, wajibu wa kulinda uhai. Adhabu yake yaweza kufika kifungo cha maisha. Na wajibu huo mwenye kiwanda anao: Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 imemtwika.

Fidia ni jambo jingine. Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, ulioanzishwa kwa sheria ya mwaka 2008, hulipa bila kuuliza nani mwenye kosa, na mchango hutolewa na mwajiri, si mfanyakazi. Mjane aidai, ni haki yake. Ila tusikubali iitwe hukumu.

Ugumu uko kwenye kumfikia mwenye mali. Mara nyingi anayeshikwa ni msimamizi wa zamu. Sisi wa Mwanza tunajua jinsi kesi za vifo vingi zinavyokuwa ngumu: MV Bukoba ilizama tarehe 21 Mei 1996, maofisa wa Shirika la Reli wakashtakiwa, mwishowe wakaachiwa huru. Makaburi ya Igoma mnayafahamu. Lakini jengo lilipoporomoka Kariakoo tarehe 16 Novemba 2024, walioshtakiwa kwa kuua bila kukusudia walikuwa wamiliki. Lile halikuwa kiwanda, ila kosa waliloshtakiwa nalo ni hilo hilo.

Someni Kutoka 21, habari za ng'ombe mwenye kupiga watu pembe. Usukumani hatuhitaji kufafanuliwa! Ng'ombe akiua mara ya kwanza, mwenyewe hana hatia. Akiwa alishaonywa asimfunge, damu ni juu yake. Mahakamani nako swali kubwa ni hilo: alijua? Kifuniko cha mashine kilitolewa lini? Nani aliwahi kulalamika, kwa nani? Mkaguzi wa OSHA aliandika nini?

Hivyo basi, msiba wa namna hii ukitokea, mzee wa kanisa aende polisi na familia kabla ya maziko, daktari aupime mwili, na majina ya waliokuwa zamu yaandikwe siku hiyo hiyo. Vibarua hutawanyika upesi mno.

Yule mama hakutia sahihi. Jalada limefunguliwa. Kati ya mashahidi wanne, wawili wamekwisha kuhama. Mmoja yuko Geita na yuko tayari kuja. Nauli yake na posho ya siku mbili tumeziweka kwenye bajeti ya robo hii.