Makisio Yenye Muda wa Kuisha: Zana ya Kukadiria Ada za Sarafu Mtandao kwa Mawakala wa Akili Mnemba

Mtu anayetuma pesa kwa simu Dar es Salaam au Nairobi huijua ada kabla ya kutuma, kwa kuwa ada hiyo hufuata kiasi kinachotumwa na viwango vyake vimekwisha kutangazwa. Katika sarafu mtandao hakuna jedwali la namna hiyo. Ada hutokana na nafasi ambayo muamala unaichukua katika bloku, yaani fungu la miamala linaloandikwa kwa pamoja kwenye daftari la mtandao, na hutokana pia na wingi wa wanaoigombea nafasi hiyo kwa wakati uleule. Ndiyo maana kutuma sarafu za thamani ya mamilioni kunaweza kugharimu sawa na kutuma za mia chache. Makala hii inahusu zana inayomkadiria ada wakala wa akili mnemba, ambaye si yule wa kibandani, bali ni programu inayoongozwa na modeli ya lugha na kupewa idhini ya kutenda kwa niaba ya binadamu. Hoja yake ni kwamba zana inayorudisha namba tupu, isiyo na muda wa kuisha wala kikomo, haijafanya kazi yake.

Mtandao wa Ethereum unalionyesha jambo hili waziwazi. Kila hatua ya ukokotoaji humo hupimwa kwa kizio kiitwacho gesi, na uhamisho wa kawaida wa etha, sarafu ya mtandao huo, hutumia gesi 21,000, ilhali kuendesha mkataba-janja, yaani programu iliyohifadhiwa ndani ya daftari lenyewe, huhitaji gesi nyingi zaidi. Tangu mabadiliko ya itifaki ya tarehe 5 Agosti 2021, bei ya gesi ina sehemu mbili: ada ya msingi, inayopangwa na itifaki na kuteketezwa, na bakshishi anayopewa mthibitishaji, yaani anayeunda bloku, ili aupe muamala kipaumbele. Bei hutajwa kwa gwei, ambayo ni sehemu moja ya bilioni ya etha; hivyo ada ya msingi ikiwa gwei 20, uhamisho wa kawaida hugharimu etha 0.00042 kabla ya bakshishi.

Ada ya msingi ya bloku inayofuata haikisiwi, kwani hukokotolewa kwa uhakika kutokana na jinsi bloku iliyotangulia ilivyojaa: ikijaa kabisa, ada hupanda kwa asilimia 12.5, na ikiwa tupu, hushuka kwa kiwango hichohicho. Shida imo katika bloku za mbele zaidi. Kwa kuwa zamu ya bloku huja kila baada ya sekunde 12, bloku sita zilizojaa mfululizo, ambazo ni sekunde 72 tu, huifikisha ada zaidi ya maradufu. Wakala aliyeuliza ada, kisha akangoja kwa dakika tatu idhini ya mwenye pochi, yaani programu inayotunza funguo za sarafu, hurudi na makisio yaliyokwisha kuchacha, na tofauti na binadamu, hana ule wasiwasi unaomfanya mtu aangalie tena. Kwa sababu hiyo zana inapaswa kutaja bloku iliyotumika kufanya makisio, muda ambao makisio hayo yanafaa, na bei ya juu ambayo muamala usiivuke. Pochi nyingi huweka bei hiyo kuwa mara mbili ya ada ya msingi pamoja na bakshishi, kwa kuwa tofauti isiyotumika haitozwi.

Bitcoin haina ada ya msingi, na bloku zake hupatikana kwa wastani wa dakika 10, kwa hiyo makisio hutegemea historia na foleni ya miamala inayosubiri. Historia nayo hudanganya. Tarehe 20 Aprili 2024, katika bloku ya 840,000, malipo ya sarafu mpya kwa wachimbaji, yaani wanaounda bloku za Bitcoin, yalipunguzwa kwa nusu, na Runes, itifaki mpya ya kuunda tokeni juu ya Bitcoin, ikaanza katika bloku hiyohiyo. Ada ziliruka ghafla, na takwimu za siku zilizotangulia hazikuwa na la kusaidia.

Hatari kubwa zaidi, hata hivyo, imo katika mpaka kati ya hesabu na utekelezaji. Septemba 2023 muamala mmoja wa Bitcoin uliokuwa ukihamisha takribani bitcoin 0.074 ulilipiwa ada ya bitcoin 19.8, karibu dola 500,000 za Marekani wakati huo, kwa sababu ya hitilafu ya programu, na fedha zilirudi kwa hisani ya mchimbaji tu. Modeli ya lugha huweza kuteleza vivyo hivyo, hasa inapopokea kiasi kilichoandikwa kwa wei, kizio kilicho katika nafasi ya 18 baada ya nukta ya etha, na kutakiwa igawanye yenyewe. Hesabu hiyo ifanywe na zana, jibu litaje kizio chake, na kikomo cha matumizi kiwekwe kwenye pochi, mahali ambapo maneno ya modeli hayawezi kukisogeza. Ada ikikivuka, zana ikatae kutuma, itaje sababu, na kumrudishia mwenye mali uamuzi.